Kwa Mama Mkubwa, Aliyekataa Mama Yangu Arudishwe Kwao

Mama Mkubwa wangu mpendwa,

Jumapili iliyopita hapa Mpanda mjini, kijana mmoja anayesomea uchungaji alitutupia swali kanisani kisha akakaa chini, akatuacha tujadiliane wenyewe. Aliuliza hivi: mtu akiokolewa kwa neema, bure, bila kutoa chochote, je, ni lazima abadilike? Na kama ni lazima abadilike, hiyo neema ni ya bure kweli? Watu wakainuka. Mzee mmoja akasema asiyebadilika hajaokoka, alijidanganya tu. Dada mmoja wa kwaya akamjibu kwamba tukisema hivyo tunarudi kulekule kwa watu wanaotaka kujiokoa kwa matendo yao. Wakavutana mpaka ibada ikachelewa kutoka. Mimi niliketi karibu na dirisha, lakini akili haikuwa pale. Nilikuwa nimerudi Kibaoni, mtoto wa shule ya msingi, nimechuchumaa nyuma ya jiko lako nachambua mchele, nasikiliza watu wazima wakiamua kama mama yangu abaki nyumbani kwetu au arudishwe kwao Inyonga.

Nimeona nikuandikie, ingawa umelala kaburini siku nyingi. Naandika wazi na wengine wasome, maana walioshuhudia ulichokifanya wanazidi kupungua, na wanangu wanakujua kwa jina tu.

Wakati ule Kibaoni ilikuwa bado Mkoa wa Rukwa, Katavi kwetu lilikuwa jina la mbuga tu. Baba alikuwa na nyumba mbili zilizotazamana, uwanja mmoja katikati, na kihenge kimoja cha mpunga ambacho kila nyumba ilikuwa na upande wake. Wewe ulikuwa mke wa kwanza. Mungu alikujalia mtoto mmoja, dada Geni, na baada yake tumbo likanyamaza. Baba akangoja, ndugu zake wakamsema, mwisho akaenda kumleta Mama kutoka Inyonga. Mama akanizaa mimi, akawazaa na wadogo zangu, mmoja baada ya mwingine, palepale mbele ya mlango wako. Leo mimi ni mtu mzima na nimejifungua mwenyewe, ndiyo maana naweza kuelewa kila kilio cha mtoto mchanga kilikufanyia nini. Utotoni nilijua kitu kimoja tu, kwamba ulikuwa hutupendi.

Ulikuwa huongei na Mama. Ulitutuma sisi. "Mwambie mama yako kuku wake wamo kwenye mpunga wangu." Nami nakwenda hatua chache, nasema, na Mama ambaye amekwisha kusikia kila neno anajibu, "Mwambie kuku hawajui mpaka." Nageuka nakurudishia. Tulikua tukidhani ndivyo wanawake wa nyumba moja wanavyozungumza.

Nakumbuka asubuhi moja ya masika kuni zimelowa, moto wetu umezimika, Mama akanituma kwako kuomba kaa la moto. Nikasimama mlangoni kwako na kigae mkononi. Uliniangalia, ukafunika mafiga kwa sufuria, ukasema, "Hata kwangu umezimika." Na moshi ulikuwa unatoka pembeni mwa sufuria. Nilirudi nikamwambia Mama moto umezimika. Hakuuliza. Tulikula viazi vibichi siku hiyo.

Siyaandiki haya ili kukuaibisha. Wewe mwenyewe ulikuwa unayasimulia kanisani baadaye, tena kwa sauti kubwa kuliko yangu. Nayaandika kwa sababu kijana yule wa Jumapili anapouliza kama mtu aliyeokoka anabadilika, inabidi kwanza ajulikane alikuwa nani.

Ule mkutano wa injili uliofanyika uwanja wa karibu na soko, wewe hukwenda kusikiliza neno. Ulikwenda kuuza karanga. Walikuja na jenereta na spika kubwa wakazifunga juu ya nguzo, na mahali penye watu wengi karanga zinatoka. Ulituambia baadaye kwamba mhubiri alisema maneno mengi ambayo hukuyashika, lakini alisema moja: njoo kama ulivyo, usisubiri uwe mzuri, ukisubiri hutakuja. Ukaweka ungo chini. Ukaenda mbele na harufu ya karanga mikononi, ukaombewa, ukarudi ukakuta watoto wa watu wamekula nusu ya ungo.

Jioni ile ulimwambia Baba, "Nimeokoka." Baba alikuwa anakunywa kangara, ile pombe ya asali waliyokuwa wanaipika upande wa sokoni, akacheka akasema heri, labda sasa utampa jirani chumvi. Na habari ilipofika upande wetu Mama akasema, "Tutaona kama ulimi nao umeokoka."

Haukuwa umeokoka. Ulikuja kuniambia mwenyewe kwamba uliokoka mwisho wa juma, na kabla ya juma jingine kwisha umemtukana Mama kwa sababu ya mbuzi. Ulikwenda kwenye ibada, ukaimba, ukarudi, ukapita mbele ya mlango wetu ukitazama mbinguni. Majirani wakasema wokovu wa karanga huo, utaisha na msimu. Nami nilikubaliana nao.

Msimu ule ndipo Mama alipougua. Alikuwa amejifungua mdogo wetu wa mwisho, homa ikamshika, akalala. Kitalu chake cha miche ya mpunga kilikuwa tayari kupandikizwa. Miche ikapita siku zake, ikaanza kugeuka manjano kwenye ncha, na kila mtu anayelima mpunga anajua hiyo maana yake ni njaa inakuja polepole. Baba alikwenda mara moja, akarudi akasema mgongo unamuuma, akaenda sokoni. Mama akawa analia kitandani bila sauti.

Asubuhi iliyofuata nilipeleka uji shambani kwa wadogo zangu waliokuwa wanafukuza mbuzi wasile miche, nikakukuta umo ndani ya jaruba letu. Umepandisha kanga mpaka magotini, umeinama, unapandikiza. Nilisimama kwenye tuta na lile bakuli. Sikujua nisalimie au nikimbie. Ukaniita bila kuinuka, "Siku, umesimama nini, lete hicho kitita cha miche." Nikaingia majini. Tukafanya kazi mimi na wewe mpaka jua likawa kali, na hukunitajia jina la Mama hata mara moja.

Ulirudi kesho yake na keshokutwa. Lilipoisha jaruba la mwisho Mama alikuwa ameanza kuketi. Ukapita mbele ya mlango wetu na matope miguuni, na Mama akakuita yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Akakuuliza, "Nani amekutuma?"

Ukasema, "Hakuna. Nimekuwa nikipiga magoti kusali, nikifika kwenye kusamehe naona shamba lako. Nimechoka kuliona."

Mama akasema, "Karibu uji." Nawe ukaingia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuona miguu yako ndani ya nyumba yetu, maana nakumbuka niliitazama.

Kutoka hapo mambo hayakuwa asali. Mliendelea kugombana juu ya kuku, ila sasa mligombana ana kwa ana, na sisi watoto tukapumzika.

Baba aliyaona hayo yote. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini nilimwona anavyokuangalia unapovuka uwanja kwenda kwetu na chumvi mkononi. Baada ya mavuno akaanza kwenda kanisani, mwanzo anasimama nje karibu na dirisha kama mtu anayepita, halafu ndani. Kangara akapunguza. Siku moja akamwambia Mwinjilisti Yeremia, aliyekuwa akilichunga kanisa letu, kwamba anataka kubatizwa.

Ndipo wakaja wale wageni.

Ilikuwa Jumamosi mchana, Mwinjilisti na wazee wawili wa kanisa. Baba aliwatolea viti, wewe ukakaa kwenye mkeka na dada Geni aliyekuwa amekuja kutusalimia, Mama akakaa mbali kidogo kwenye kizingiti cha nyumba yetu, ananyonyesha. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko na ule mchele. Mwinjilisti aliongea vizuri, sitamsingizia. Alisema kanisa linafurahi. Alisema mlango uko wazi. Kisha akasema mtu hawezi kuingia kwenye maji ya ubatizo akiwa na wake wawili, kwa hiyo Baba amrudishe wa pili kwao kwa amani, bila ugomvi, na watoto wabaki hapa kwa baba yao. "Mama Mkubwa yupo," akasema, "atawalea. Sote tumeona Mungu alivyombadilisha."

Nilimtazama Mama. Hakulia. Alimtoa mtoto kwenye ziwa, akafunga kifungo cha blauzi, akawa anakunja nepi iliyokuwa pembeni yake, anaikunja na kuikunjua.

Baba akauliza, taratibu, "Mwinjilisti, mlisema wokovu ni bure."

"Ni bure, mzee wangu."

"Basi mbona unalipiwa na huyu?" Akanyoosha kidevu kwa Mama.

Mwinjilisti akasema neema si ruhusa ya kubaki tulivyo, mtu akikutana na Yesu lazima maisha yake yabadilike, na wakimruhusu Baba leo, kesho vijana watasema ngoja tuoe wawili kwanza ndipo tuokoke. Sasa hivi, nikiwa mama wa vijana, naona hakuwa anasema upuuzi. Alikuwa na kondoo wake wa kuchunga. Akakugeukia wewe. "Mama, wewe ndiye mke wa kwanza. Jambo hili linakuhusu kuliko wote. Unasemaje?"

Kila mtu pale alijua utasema nini. Nilijua hata mimi. Kilio chako cha miaka yote kilikuwa kimejibiwa, tena na watumishi wa Mungu, mbele ya mumeo. Ulihitaji kusema amina tu.

Ulitoa miguu kwenye mkeka ukaikunja upya.

"Siku ile uwanjani," ukasema, "nilikuja na chuki. Chuki ya huyu hapa. Mliiona? Hamkuiona, lakini Mungu aliiona. Hakuniambia nenda kaitue kwanza. Alinipokea nayo. Ameitoa kidogo kidogo, na nyingine bado imo, juzi tu tumegombana. Sasa nyie mnaniambia huyu niliyefundishwa kumpenda ndiye nimtoe nyumbani?"

"Mama, hakuna anayesema usimpende."

"Nimpende akiwa Inyonga. Watoto wake nikiwa nao mimi, wanamlilia usiku nawaambia nini? Kwamba baba yao ameokoka?"

Mzee mmoja akaguna akasema, "Kwa hiyo wewe unakataa mumeo abadilike."

"Sikatai, mzee. Abadilike. Amebadilika hata sasa, ulizeni sokoni. Lakini kumsukuma mwenzangu barabarani si kubadilika, ni kuhamisha tu. Dhambi ikitoka kwa mume ikaingia kwa mtoto, hapo imetoka wapi?" Kisha sauti ikashuka. "Mimi sijui maandiko kama nyie. Labda nakosea. Nikikosea Mungu atanisahihisha. Ila mkimwandikia huyu arudi kwao, na mimi mniandikie, tutaondoka naye."

Mtoto akaanza kulia, na dada Geni akainuka akamchukua mikononi mwa Mama, akamzungusha uwanjani. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Mwisho akasema, "Nitakaa benchi la nyuma. Kama kuna nafasi huko." Mwinjilisti akasema nafasi ipo. Wakaombea nyumba wakaondoka, bila kungoja wali wa ule mchele.

Wewe ulikuwa kwenye darasa la ubatizo na siku yako ilikuwa karibu. Ulimwambia Mwinjilisti utangoja na watu wa nyumbani kwako. Ukahama mbele ulikokuwa unakaa na akina mama, ukaenda kukaa na Baba benchi la nyuma kabisa, lile lililokuwa limepinda karibu na mlango. Wakati wa meza ya Bwana mlikuwa mnabaki mmekaa, watu wanapita mbele yenu. Mama alikuwa haji kanisani. Halafu Jumapili moja ulisahau kanga yako ya kujitanda, Mama akakufuata nayo, akafika wimbo umeanza, akashindwa kutoka. Akakaa. Jumapili iliyofuata akaja bila kanga ya mtu.

Mlikaa pale miaka, Mama Mkubwa. Mvua na kiangazi. Nilipokuwa na haya nilikaa na wenzangu wa shule mbele, nikigeuka nawaona mmepangana, Baba katikati kama mtu aliyekamatwa.

Na Baba hakuwa malaika. Siku ya mnada, baada ya kuuza mpunga, alikutana na wenzake wa zamani, tukamkuta mchana kweupe amelala mtaroni karibu na duka la mafuta ya taa, kofia iko pembeni. Watu wa kanisa walikuwa wanapita. Mama akasema kwa uchungu, "Neema yako hiyo imelala mtaroni."

Ukajibu, "Ndiyo. Imelala naye." Ukavua kanga ukamfunika uso jua lisimuunguze, ukaketi pale kandoni mpaka alipoamka. Hukumsema. Alipoamka akakuona, akaona na watu wanavyokuona. Simkumbuki tena Baba akiwa amelewa baada ya siku hiyo. Nimehubiriwa mahubiri mengi juu ya neema tangu hapo na nimesahau mengi, lakini wewe pale mtaroni sikusahau.

Kisha zikaja zile mvua za El Nino. Barabara ya Mpanda ikakatika, malori yakakwama njiani siku nyingi, chumvi na sabuni vikawa vitu vya kusimuliwa. Nyumba za tofali mbichi zikaanza kukaa chini moja moja. Ya Mwinjilisti ilidondoka asubuhi, ukuta wa nyuma wote, mkewe akiwa na mimba kubwa. Walisimama kwenye mvua na godoro kichwani. Wazee wa kanisa walikuwa na nyumba zao zinavuja. Ni Mama aliyewaona, naye hakurudi kuuliza mtu. Akawaambia, "Njooni kwangu."

Mama akawapa nyumba yake yote. Akakusanya nguo zetu, akavuka uwanja na sisi nyuma yake, akasimama mlangoni kwako analowa. Ukamwambia, "Unabisha hodi kwako?" Tukaingia. Msimu wote ule tulilala nyumba moja, watoto tumepangwa chini kama dagaa wa Karema juani, mnapika chungu kimoja. Mke wa Mwinjilisti alijifungulia mikononi mwenu wawili, wewe umeshika mgongo, Mama anapokea mtoto. Mwinjilisti alikaa nje chini ya upenu na Baba. Sijui walizungumza nini, maana walikaa hapo siku nyingi.

Barabara ilipofunguka Mwinjilisti alipanda lori la kwanza kuja Mpanda kuwaona wakubwa wake. Aliporudi alipitia mlangoni kwako kabla ya kwenda kumwona mkewe. Akasema kanisa halijabadilisha fundisho, ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja, na Baba hatakuwa mzee wa kanisa wala hataongeza mke. Lakini aliyeoa kabla ya kuamini asitupe watu wake. Abatizwe yeye na nyumba yake. Halafu akasema, na hapa sauti yake haikuwa ya mimbarini, "Mama, nilikuja hapa kuwaambia mbadilike. Nimekaa humu nikaona kati ya waliotakiwa kubadilika nami nimo."

Ulimwambia akae ale. Safari hiyo alikula.

Wengine hawakukubali. Mzee yule aliyeguna alihama kanisa, na hakutusalimia mpaka alipokufa. Wala mimi sikushangilii wewe kama aliyeshinda kesi. Uliniambia mara nyingi hukuwa na uhakika.

Mlibatizwa kiangazi, mto Kavuu ulipopungua. Vijana walitangulia na madebe wakayapiga kufukuza viboko, na wawili walisimama na fimbo kuangalia mamba, kwa hiyo ibada ile ilikuwa na kelele kuliko zote. Baba aliingia kwanza, na shati jeupe la kuazima lililombana mabega. Alipotoka majini hakufuta uso. Kisha mkasimama wewe na Mama ukingoni, kila mtu anangoja nani aanze. Mama akarudi nyuma akupishe, kama ilivyo desturi. Ukamshika kiwiko. "Tangulia wewe," ukasema. "Mie nimezoea kuwa wa kwanza."

Mama aliingia majini akicheka na kulia pamoja.

Nilipokuwa nakaribia kuolewa tulikaa mimi na wewe tunabangua karanga, nikakuuliza swali lilelile la kijana wa Jumapili, ingawa sikulipanga vizuri kama yeye. Nilisema, "Mama Mkubwa, ungeokoka halafu ukabaki unamchukia Mama, ungekuwa umeokoka?"

Ulifikiri. Ukasema, "Wewe unajua nilivyokuwa napenda ugoro. Nilipookoka hakuna aliyeniambia niache. Nikawa naweka, nahisi hauna ladha. Naweka tena, nautema. Na chuki ilikuwa hivyo. Nilipendwa kwanza, nikiwa nayo mdomoni. Baada ya hapo ikakosa ladha. Ningeweza kuendelea kuitafuna, nani angenizuia? Lakini ningekuwa natafuna kitu kisicho na ladha mpaka kufa." Ukapeta karanga. "Sikubadilika ili anipende, mwanangu. Ila kupendwa hakukuniacha nilipo."

Sijapata jibu jingine lililo bora, na nimeolewa na mwalimu wa shule ya Jumapili anayesoma vitabu vingi.

Baba alifariki kwanza, wewe ukafuata. Miguu ilipokushinda, Mama ndiye aliyekubeba kwenda uani, akakuogesha, akakulisha. Dada Geni alikuja kukuchukua akuuguze kwake Usevya, ukamwambia una mtu wa kukuangalia. Na ulipoaga dunia ukawa umeacha neno kwamba akuoshe mke mwenzio. Shangazi walikataa, wakasema haijawahi kusikika. Dada Geni akawaambia mama yake amesema. Mama aliingia peke yake na maji ya uvuguvugu. Alikaa ndani muda mrefu hata watu wakaanza kunong'ona. Baadaye nilimuuliza alikuwa anafanya nini. Akasema, "Nilikuwa namuosha polepole, nisimuumize."

Asante, Mama Mkubwa. Nimekula chakula cha mama yangu, nimepigwa na mama yangu, nimesukwa nywele na mama yangu, kwa sababu wewe ulikataa kusema amina. Wadogo zangu hawajui hata kwamba kulikuwa na siku ambayo wangeweza kubaki bila mama. Walikuwa wadogo mno. Mimi najua. Kila nikimsikia Mama akikohoa chumba cha pili, maana anakaa nami sasa hapa mjini, nasema asante, na jina ninalolitaja baada ya la Mungu ni lako.

Na sasa nikwambie lililo moyoni. Baada ya Pasaka mume wangu aliniketisha akaniambia ana binti, alimpata Kaliua kabla hatujaoana, akaogopa kuniambia miaka yote hii. Mama wa binti amefariki. Hana kwa kwenda. Mama Mkubwa, nimeokoka tangu usichana, naimba kwaya, na nilichukia. Nilimchukia baba yake kwa kunificha, nikamchukia na yeye kwa kuwapo. Nimekuwa nikisali nisamehe, na bado. Sitasema uongo kwenye barua kwa marehemu: sijampenda.

Lakini sikusubiri nimpende. Nilisema aje. Mama alinisikia nikisema, akaja akanishika bega.

Treni ya kutoka Tabora inaingia leo mchana. Mume wangu alitaka kwenda peke yake stesheni, nikamwambia hapana, nitakwenda mimi, anione mimi kwanza. Nimetandika kitanda cha dirishani. Nimepika wali na samaki. Sijui atakuwa na sura ya nani, wala nitamwambia nini akishuka na mzigo wake. Pengine nitamwambia karibu, na pengine hilo litatosha kwa leo.

Nasikia watu wanaanza kuelekea stesheni. Nimalizie hapa nivae viatu.

Lala salama, Mama. Nimekushukuru.

Mwanao,
Sikudhani